Kauli ya Karani: Uhakiki wa Maandishi ya Skrini Wakati wa Kujenga Programu

Mhakiki wa fasihi amezoea kupokea matini iliyo na jina la mtunzi, mwaka wa kuchapwa na jalada. Makala haya yanashughulikia matini isiyo na hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Ni ile mistari inayojitokeza kwenye skrini pale kompyuta inapoamriwa kujenga programu, yaani kuyachukua mafaili ya msimbo yaliyoandikwa na watu, kuyapitisha kwenye kompaila, kuyaunganisha, kuyajaribu, na hatimaye kutoa kitu kimoja kinachoweza kutumika. Kazi hiyo haifanywi tena kwa mkono, amri baada ya amri. Huandikwa katika skripti, na skripti huiendesha kila hatua peke yake. Huku ikiendesha, inasema. Swali letu ni hili: inasema nini, inamwambia nani, na je, inasema kweli?

Huenda wenzetu wa fasihi wakauliza kama maneno hayo yanastahili kuhakikiwa. Tunajibu kwamba matini yoyote ambayo msomaji huitegemea ili aamue jambo ina fani na ina maudhui, na fani yake yaweza kuyasaliti maudhui. Mwanafunzi anayesoma mstari wa mwisho kwenye skrini huamua papo hapo kama atawagawia wenzake programu aliyoijenga, au ataanza kutafuta kosa. Ni wachache miongoni mwa wasomaji wa riwaya wanaotakiwa kuchukua hatua kwa haraka hivyo.

Mkongwe wa uwanja huu ni make, programu iliyoandikwa na Stuart Feldman katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1976. Desturi yake ya kusema ni rahisi kueleza: kila amri huonyeshwa kwenye skrini kwanza, kisha hutekelezwa. Make haisimulii kazi, inainukuu. Mwenye skripti asipotaka amri fulani ionekane, huitanguliza kwa alama ya @, nayo hutendwa kimya. Akitaka kimya kitupu, yupo chaguo la -s. Msomaji anayeijua lugha ya amri hupata hapo ushahidi kamili wa kila kilichotendwa, hadi herufi ya mwisho. Msomaji asiyeijua huona ukuta wa herufi, mstari mmoja ukijaza upana wote wa skrini na kumwagikia wa pili na wa tatu, na ndani ya ukuta huo onyo la kompaila hupotea kama sindano katika nyasi.

Mfumo wa Unix, ambamo make ilizaliwa, una maadili yake kuhusu usemi: programu isiyo na jambo la kushangaza la kueleza inyamaze. Maadili hayo yana heshima yake. Hata hivyo kimya ni ishara yenye kutegemea mapatano kati ya msemaji na msikilizaji. Mzee akinyamaza barazani baada ya kuulizwa, waliomzoea wanajua kama amekubali au amekasirika, mgeni hajui. Mwanafunzi anayeanza, akiona skrini imenyamaza, hawezi kujua kama kazi imemalizika, inaendelea au imekufa.

Pale make inapokosa la kutenda, husema, na usemi wake wastahili kusomwa polepole. Katika toleo la GNU zipo sentensi mbili. Faili ambalo lina amri zake lakini halikuhitaji kujengwa upya huambiwa kwamba liko sawa na wakati. Lengo lisilo na amri, au lile ambalo ni jina tu wala si faili, huambiwa "Nothing to be done". Tofauti hiyo ni ya maana kwa fundi, lakini sentensi ya pili ina mashaka hata katika Kiingereza chenyewe, kwa kuwa yaweza kumaanisha kwamba kazi haihitajiki na yaweza pia kuwa kauli ya mtu aliyekata tamaa. Tukiitafsiri kwa Kiswahili neno kwa neno, "hakuna la kufanya", mashaka yale yale yanahamia kwetu bila kupungua. Ndivyo tunavyosema kando ya kitanda cha mgonjwa ambaye waganga wamemwacha. Kiswahili safi cha jambo hilo ni "hakuna kilichobadilika". Hapo sababu inatajwa badala ya tokeo, na msomaji anajielekeza mwenyewe: ikiwa alitarajia kwamba kipo kilichobadilika, basi hakuhifadhi faili lake.

Waliochoshwa na ukuta wa herufi walitafuta njia ya kati. Ujenzi wa kiini cha Linux, ambao nao hutumia make, huandika mstari mfupi kwa kila faili: herufi mbili tatu za jina la kitendo, kwa mfano CC kwa kazi ya kompaila, kisha jina la faili. Anayetaka amri kamili huandika V=1 anapoanza. Mwaka 2009 Automake 1.11 ilileta desturi kama hiyo kwa miradi mingine mingi. Kwa maoni yetu huu ndio ufupisho bora uliobuniwa katika fani hii, kwa sababu muhtasari wake hauichomi hati asilia; hati ipo, na msomaji anaambiwa mlango wake. Tutaona hivi punde muhtasari wa namna nyingine.

Tuje sasa kwenye Ant, ambayo ndiyo hasa iliyotusukuma kuandika. Iliandikwa na James Duncan Davidson, ikatoka kama programu ya kujitegemea, toleo la 1.1, mwezi wa Julai 2000 chini ya Apache, nayo hutumiwa zaidi kwa programu za Java. Ant haifuati desturi ya make ya kunukuu amri. Inasimulia. Kila lengo huanza kwa jina lake na nuktambili, mfano wa kichwa cha sura. Chini yake kila kazi husema kwa mistari iliyotanguliwa na jina la kazi hiyo ndani ya mabano ya mraba. Jina hilo husukumwa kulia ndani ya safu ya herufi 12, hata mabano yote ya kufungia yakasimama katika mstari mmoja wa wima. Msomaji wa tenzi na mashairi yetu atatabasamu: hapa nako kuna ukwapi na utao, upande wa kushoto ukimtaja msemaji na upande wa kulia ukibeba neno lake. Mwishoni huja hitimisho kwa herufi kubwa, ama BUILD SUCCESSFUL ama BUILD FAILED, pamoja na muda uliotumika.

Muhimu zaidi ni kwamba Ant imeitenga kazi ya kutenda na kazi ya kusema. Injini hutoa matukio: ujenzi umeanza, lengo limeanza, kazi imeisha, ujumbe umetolewa. Anayeyapokea na kuyaandika ni mwingine, ambaye tutamwita karani. Karani wa kawaida akikuchosha, unaweza kumwondoa na kumweka mwingine: yupo anayeficha vichwa vya malengo yasiyofanya lolote, yupo anayetia rangi, yupo anayepeleka taarifa kwa barua pepe. Na anayejua Java anaweza kuandika karani wake mwenyewe. Sharti moja limeandikwa katika mwongozo: karani asiseme moja kwa moja kwenye skrini kupitia mkondo wa kawaida wa mfumo, kwa sababu chochote kinachopita katika mkondo huo hunaswa na injini na kugeuzwa kuwa tukio, nalo tukio hurudishwa kwa karani aliandike, naye akiandika, hunaswa tena, na mzunguko huo hauna mwisho. Tumesoma vitabu vingi vya nadharia ya usimulizi, wala hatukumbuki kimoja kilicholieleza kwa uwazi namna hiyo tatizo la msimulizi anayejisikiliza.

Viwango vya usemi katika Ant ni vitano: kosa, onyo, taarifa, maelezo marefu, na yale ya kutafutia hitilafu. Kwa kawaida skrini huonyesha vitatu vya kwanza. Chaguo la -quiet huacha viwili tu. Hapa upo uamuzi tunaoupinga. Kazi ya echo, ambayo mwenye skripti huitumia kusema maneno yake mwenyewe, huhesabiwa kuwa onyo iwapo hakutaja kiwango. Shabaha yaelekea kuwa njema, ili maneno ya mtu yasipotee. Tokeo lake ni kwamba anayeomba utulivu hunyimwa taarifa za kompaila na kuachiwa salamu, mistari ya nyota na majigambo ya mwandishi wa skripti. Neno "onyo" likipewa kila mtu, hakuna tena anayeonywa.

Tulimo miongoni mwa watu waliowahi kuandika karani wao wenyewe, na ni haki tueleze yaliyotupata. Katika idara moja tuliyofanya kazi, palikuwa na programu ndogo ya Java ya kutafutia maneno, iliyokusudiwa kuwasaidia wanafunzi kusahihisha tahajia ya tasnifu zao. Skripti ya Ant ilijenga programu, kisha kwa kazi ya exec ikaita programu nyingine ya nje iliyopanga orodha ya maneno kialfabeti na kuitia ndani. Programu hiyo ya nje ilikuwa na maneno mengi, mistari mia kadhaa kila mara. Wanafunzi, ambao nyumbani husema Kiswahili, darasani husoma kwa Kifaransa na kwenye skrini hukutana na Kiingereza, walilalamika kwamba hawaelewi chochote. Tukaamua kuwahurumia. Tuliandika karani aliyeficha mistari yote ya exec, akataja malengo kwa Kiswahili, na mwishoni, mahali pa BUILD SUCCESSFUL, akaandika kwa herufi kubwa: KAZI IMEKWISHA.

Ilipendeza. Kwa karibu muhula mzima ilipendeza. Kisha mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini neno lililosahihishwa miezi mitatu iliyopita bado linakataliwa na programu. Tulipomwondoa karani wetu na kumrudisha yule wa kawaida, tuliona katikati ya mistari mia ile mmoja mfupi uliosema "Result: 1". Programu ya kupanga ilikuwa imekutana na mstari mbovu katika orodha, ikajitoa, ikarudisha namba 1 badala ya 0, na orodha mpya haikuandikwa; ya zamani ndiyo iliyotiwa ndani kila mara. Kwa Ant, exec ikishindwa namna hiyo haisimamishi ujenzi, isipokuwa mwenye skripti ameagiza hivyo kwa kuweka failonerror kuwa kweli. Hatukuagiza. Kwa hiyo injini iliendelea hadi mwisho, ikamwambia karani kwamba ujenzi umefaulu, naye akatangaza.

Tunaweza kugawa lawama. Ant inayo sehemu yake: matini ambayo mstari wake mmoja unakiri kushindwa na mstari wake wa mwisho unatangaza ushindi ni matini inayojipinga, na mhakiki hawezi kuisifu. Lakini karani wa kawaida angalau aliiacha kauli ya kwanza ionekane; ni sisi tulioifuta kwa jina la usahili. Ujumbe ule ulitolewa kwa kiwango cha kosa, kwa hiyo hata -quiet isingeuficha. Sisi hatukuchuja kwa uzito wa neno, tulichuja kwa jina la msemaji. Tuliamua mapema kwamba exec ni mpayukaji, na siku aliposema kweli hakuna aliyemsikia.

Na lugha yetu je? Tulijivunia kuandika "kazi imekwisha" bila kuyapima maneno. Kitenzi kwisha hueleza kufika ukomo, hakielezi jinsi ukomo ulivyo. Chumvi imekwisha, maana yake haipo. Mgonjwa amekwisha, maana yake amedhoofu. Kazi imekwisha, nayo yaweza kuwa imetimizwa au imeharibika. Sauti ya msemaji ndiyo huamua, na skrini haina sauti. Huku Lubumbashi, ambako usemi wa mitaani hupenda kutumia -isha kama kitenzi kisaidizi, "alisha kufika", maana ya ukomo wa wakati ni nzito zaidi, na msomaji wetu alikuwa na kila sababu ya kuelewa kwamba mashine imeacha kufanya kazi, basi. Kwa bahati mbaya hiyo ndiyo iliyokuwa kweli. Neno lililofaa lilikuwa "kutimia", kwa kuwa kitu hakitimii kikipungukiwa sehemu.

Inasikitisha zaidi kwa sababu Kiswahili kina uwezo ambao hatukuutumia. Mfumo wetu wa njeo na hali unatofautisha mambo ambayo ujumbe mwingi wa Kiingereza wa mashine huyachanganya. "Haijajengwa" humwambia msomaji asubiri. "Haikujengwa" humwambia asisubiri. "Haijengwi" humwambia kwamba hakuna aliyekusudia kuijenga. Viambishi vichache, na mtu anajua kama akae au ainuke. Vivyo hivyo kwa kushindwa: tulipolazimika kutafsiri BUILD FAILED, wengine walipendekeza "umeshindwa", wengine "umefeli", kama kwamba ni mtihani. Sisi tunaona "umekwama" lina faida kuliko yote mawili, kwa maana mtu akisikia kwamba gari limekwama huuliza mara moja, wapi? Ujumbe wa kosa unaomfanya msomaji aulize mahali umekwisha timiza nusu ya kazi yake.

Wapo wanaochuja maneno ya mashine kwa njia nyepesi kuliko ya karani: huyapitisha kwa bomba la Unix hadi kwenye programu nyingine inayobadilisha maneno au kuyatia faili. Hatari ni ile ile ikiwa katika vazi jingine. Katika bomba, namba ya mwisho inayorudishwa ni ya programu ya mwisho, si ya ile iliyojenga. Make hushindwa, kichujio hufaulu kuchuja habari za kushindwa huko, na skripti husoma kufaulu. Bash ina chaguo la pipefail la kuzuia jambo hilo, lakini ni lazima liombwe. Tena, make ya GNU hutafsiriwa kwa lugha ya mtumiaji. Kichujio kinachotafuta neno "Error" hakitapata kitu kwenye kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi hapa kwetu, kwa kuwa pale make huandika "Erreur". Asiyetaka kubahatisha huweka LC_ALL=C kwa hatua hiyo, au afadhali aache kutafuta maneno na kusoma namba.

Kuhusu mpangilio wa sauti tutasema machache. Kompyuta za leo hujenga mafaili mengi kwa mara moja, na maneno ya kazi mbalimbali huchanganyika hata sentensi ya huyu ikakatwa katikati na ya yule. Make 4.0 ya mwaka 2013 ilileta chaguo la kushikilia maneno ya kila kazi hadi imalizike, ndipo yatolewe pamoja. Ninja, iliyoandikwa na Evan Martin wakati wa kujenga kivinjari cha Chrome, imelifanya hilo kuwa tabia yake ya kawaida, na kwenye terminali huandika mstari mmoja tu unaojifuta na kujiandika upya: kazi kadhaa kati ya kadhaa. Mtumiaji anaweza kuugeuza mstari huo kwa kigezo cha NINJA_STATUS. Kazi isiyo na neno hupita bila kuacha alama. Yenye onyo huliacha onyo lake likisimama peke yake. Hilo ni jibu zuri kwa tatizo la kimya tulilolitaja: mashine inaonyesha kwamba ingali hai, lakini haikupigii kelele.

Rangi nazo zina wapenzi wake. Nyekundu kwa kosa humsaidia mwenye macho mazima anayetazama terminali. Maneno hayo yakihifadhiwa katika faili, alama za rangi hugeuka takataka kati ya herufi, na asiyetofautisha nyekundu na kijani hafaidiki. Rangi iongezee neno, isichukue nafasi yake.

Limebaki swali ambalo wanafunzi hutuuliza kila mara: je, yote yaandikwe kwa Kiswahili? Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulionyesha mwaka 2004, kwa OpenOffice yake ya Kiswahili, kwamba lugha yetu haishindwi na kompyuta. Lakini menyu ya programu ya ofisi ina msomaji mmoja, ambaye ni mtu. Maandishi ya ujenzi yana wasomaji wawili. Wa pili ni programu nyingine: kihariri kinachosoma jina la faili na namba ya mstari ili kimpeleke mtu kwenye kosa. Ant inamjua msomaji huyo, hata ikamwekea chaguo la -emacs linaloondoa majina yale ya kushoto ili mistari ya kompaila isomeke ilivyo. Ukiitafsiri kauli ya kompaila, unamziba macho kihariri, na unamnyima mwanafunzi maneno ambayo angeyatumia kutafuta msaada kwa walimwengu wengine waliokutana na kosa hilo hilo. Kwa hiyo msimamo wetu ni kwamba maneno ya mwenye skripti yawe ya Kiswahili, tena yaliyopimwa. Maneno ya kompaila yanukuliwe kama yalivyo.

Karani wetu bado yuko kazini, lakini amefunzwa upya. Hafichi tena exec; anaficha taarifa na kuacha makosa na maonyo ya kila msemaji. Failonerror imewekwa kuwa kweli. Akifika mwisho salama huandika UJENZI UMETIMIA, idadi ya maneno yaliyo katika orodha, na tarehe ya orodha hiyo. Tarehe haikuwa wazo letu. Aliipendekeza yule mwanafunzi aliyeuliza.